Je, wajua kwa nini aria ya Baroki, yaani wimbo wa mwimbaji mmoja katika opera (mchezo wa jukwaani unaoimbwa) ya karne ya 17 na 18, hurudi mwanzo?

Kleopatra, malkia wa Misri, yu kifungoni, akiamini mpenzi wake Kaisari, mtawala wa Roma, amekufa maji. Ghafla Kaisari huyo hapo, mzima. Kleopatra anaimba mistari mitatu: chombo kilichovunjwa na dhoruba, kikifika bandarini salama, hakina tena cha kutamani. Anaongeza mitatu mingine: ndivyo ulivyo moyo uliopata faraja baada ya mateso na machozi. Mistari sita basi, lakini wimbo huchukua kama dakika sita, na ile mitatu ya kwanza huimbwa upya yote.

Aria hiyo, "Da tempeste", imo katika Giulio Cesare, opera ya mtunzi Handel iliyoonyeshwa London mwaka 1724. Muundo wake huitwa da capo, yaani "tangu mwanzo". Handel hakuandika sehemu ya tatu. Mwisho wa sehemu ya pili mwimbaji hurudi mwanzo wa wimbo, na hapo ndipo kazi yake inapoanza. Mara ya kwanza huimba noti jinsi zilivyo. Akirudi, hutakiwa kuzitia nakshi zake mwenyewe: anapanda juu zaidi, anazigawa noti ndefu kuwa vijinoti vingi, anachelewesha mahali msikilizaji asipotarajia. Watu wa zama zile walikuja kusikia hasa nakshi hizo. Mwimbaji alisimama mbele ya jukwaa, akaimba, mara nyingi akatoka huku akipigiwa makofi.

Leo mtazamaji amezoea filamu. Mtu akisimama akirudia maneno yale yale, anaona hadithi imekwama. Wapo waongozaji wanaojaza jukwaa watu na vitu ili asichoke, na naona huko ni kumfunika mwimbaji. Afadhali mwili wake wenyewe uonyeshe kilichobadilika.

Ndivyo alivyofanya mwongozaji David McVicar kwenye tamasha la opera la Glyndebourne, Uingereza, mwaka 2005. Aliihamishia hadithi enzi za ukoloni wa Waingereza, na Kleopatra wake, Danielle de Niese, akaiimba aria hii huku akicheza dansi.

Si jambo dogo. Hakuna maikrofoni. Silabi moja hubeba mfululizo mrefu wa noti za haraka, na zote hutoka kwenye pumzi moja iliyovutwa kwa kufumba na kufumbua. Ukiruka katikati ya mfululizo, tumbo linatikisika na sauti nayo inatikisika. Kwa hiyo hatua nzito huwekwa pale okestra inapopiga peke yake. Mwimbaji anapoimba, hubaki mikono, mabega, shingo, kiuno kidogo.

Ndiyo maana maneno yakirudi hayawi yale yale. Mwanzoni tulimwona mwanamke aliyepata habari sasa hivi, bado hajaamini vizuri. Sasa jasho linamtoka, kifua kinapanda na kushuka, noti zimeongezeka maradufu, na kile chombo kinaingia bandarini kwa mara ya pili kikiwa kimepandisha tanga zote.