Comoro: anza na mlima

Jumatatu iliyopita simu iliita saa moja asubuhi. Alikuwa dada mmoja wa Mbezi, sauti ya mtu aliyekwisha kupanga kila kitu. "Kaka, mimi na mume wangu tunataka kwenda Comoro siku nne. Nitafutie hoteli ya ufukweni kama zile za Nungwi, halafu tuzunguke visiwa vyote vitatu." Nilimsikiliza mpaka mwisho. Alipokata nikahesabu: huyo ni wa saba tangu mwaka uanze, na wote saba wametaja Nungwi.

Basi leo naandika, ili wa nane nimpe haya asome kabla hatujaanza kuongea bei.

Naongoza watalii. Nilianzia Kilimanjaro, nikibeba mizigo njia ya Machame, na miaka tisa sasa napeleka wageni Comoro, wengi wao Watanzania na Wakenya. Naipenda nchi ile, ndiyo maana naumia mtu anapokwenda na kurudi akisema "pazuri, ila fukwe hamna." Fukwe zipo. Lakini aliyefuata fukwe tu amekaa siku nne kwenye kizingiti cha nyumba na hakuingia ndani.

Kosa linaanzia kwenye mfanano. Visiwa, misikiti, karafuu, mji mkongwe wenye vichochoro, majahazi: mtu akishasikia hayo anasema hii ni Zanzibar nyingine. Na undugu upo kweli. Unguja imejaa familia za Kingazija, na Sayyid Ahmad bin Sumeit, aliyekuwa kadhi mkubwa Unguja, alizaliwa Itsandra, kisiwani Ngazija, kile kikubwa cha Comoro, mwaka 1861. Lakini undugu wa watu haufanyi ardhi kuwa moja.

Unguja ni jiwe la matumbawe. Limelala, limetulia, na huna mahali pa kupanda hata mita 150. Jiwe hilo na matumbawe yaliyo mbele yake yakisagika yanakuwa mchanga mweupe, na mchanga huo ndio Nungwi, ndio Paje. Ngazija ni volkano iliyoanzia chini kabisa baharini ikapanda hadi mita 2,361 juu ya maji, na watu wakajenga pembezoni pale walipopata nafasi. Mlima huo ni Karthala, na haujazimika. Kutoka bandari ya majahazi ya Moroni, mji mkuu, hadi kileleni, kwa mstari ulionyooka, ni chini ya kilomita 15. Simama mbele ya Msikiti wa Ijumaa wa zamani, ule wenye matao meupe uliojengwa mwaka 1427, uangalie miguuni: mawe meusi yanayoshuka majini ni lava. Ufukwe wa mji mkuu umetoka tumboni mwa mlima.

Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu ndipo wateja wangu wanapochoka kusikiliza, na ndipo kila kitu kilipo.

Visiwa vya Comoro havina umri mmoja. Maore, ile inayoandikwa Mayotte kwenye ramani, ndiyo kongwe. Ngazija ndiyo kinda. Volkano ikizeeka inazama polepole kwa uzito wake, mvua inaichonga mabonde na mito, na miamba ya matumbawe iliyokuwa imegusa pwani inabaki mbali, ikifunga ziwa pana la maji ya chumvi yaliyotulia. Ndiyo maana Maore ina ziwa lake lile maarufu la maji ya kijani. Ngazija bado haijafika huko. Lava yake bado mbichi, matumbawe yamebana pwani kama ukanda mwembamba, na mchanga unapatikana sehemu chache: Mitsamihuli kaskazini, na Chomoni mashariki, ambako mchanga mweupe umeketi katikati ya miamba myeusi kama unga uliomwagika kwenye sufuria yenye masizi. Nenda Chomoni. Peleka chakula chako. Ukikuta kijiji kinasali, subiri na vazi lako la kuogelea lifunike.

Kwa hiyo ukiniuliza "ufukwe upi mzuri Comoro?" kabla hujaniuliza ni kisiwa kipi na kina umri gani, umeanza kusoma kitabu kwa ukurasa wa mwisho. (Maore, kwa anayeuliza: Ufaransa iliifanya mkoa wake kamili mwaka 2011, serikali ya Moroni inasema ni yake, na wewe utahitaji viza tofauti. Tuendelee.)

Umri huohuo wa mlima ndio unaoamua maji. Ngazija inanyeshewa mvua kubwa mno upande wa magharibi, lakini haina mto hata mmoja unaotiririka mwaka mzima. Lava changa ina matundu kama sifongo. Mvua inaingia, inazama, inatokea chini baharini. Watu wa huko wameishi karne nyingi kwa birika la maji ya mvua kando ya nyumba, na visima vya pwani mara nyingi vina ladha ya chumvi. Mgeni anayefungua bomba la hoteli dakika ishirini akipiga mswaki hajui anamwaga nini. Mwaka 2005 Karthala ililipuka mara mbili, mwezi wa Aprili na wa Novemba, na majivu yakaangukia mabirika. Hebu fikiria kijiji kizima kinatazama maji yake ya kunywa yakigeuka tope la kijivu.

Sasa vuka hadi kisiwa cha Nzwani, ambacho ni kikongwe kuliko Ngazija. Mito ipo. Inashuka kutoka Ntringui, mita 1,595, inapita katikati ya mji wa Mutsamudu, na akina mama wanafua humo. Lakini ukiongea na wazee watakuonyesha makorongo makavu wakikwambia hapa palikuwa na mto, na pale. Miti ya juu imekatwa kwa mashamba na kwa kuni. Na kuni nyingine zinakwenda kwenye langilangi. Mnaijua langilangi, ile ya kwenye kikuba cha bibi harusi Unguja. Huko Nzwani inachumwa alfajiri kabla jua halijalikausha ua, inatiwa kwenye mtungi mkubwa wa chuma, na moto unawaka mchana kutwa mpaka usiku ili mvuke utoe mafuta. Nimesimama kwenye kibanda kimoja juu ya Bambao usiku, harufu imenijaa kooni mpaka naihisi kwenye mate, na nyuma ya kibanda rundo la magogo lilinizidi kimo. Kila mgeni wangu hununua chupa pale. Na mimi ndiye ninayewapeleka. Sijapata amani na jambo hilo, na sidhani kama kuacha kuwapeleka kungemsaidia yule mzee anayechochea moto.

Mutsamudu yenyewe naipita haraka: mji mkongwe, vichochoro vya mawe, ngome ya karne ya 18 yenye mizinga iliyojengwa kujikinga na wavamizi kutoka Madagaska. Panda ngome saa kumi jioni. Huhitaji mimi nikueleze kwa nini.

Kupanda Karthala. Hili ndilo ninaloulizwa vibaya kuliko yote: "Si kamlima kadogo tu? Kili ni karibu elfu sita." Ndugu yangu, Kilimanjaro unalala kambini kuna choo, kuna mlinzi wa hifadhi, kuna mpagazi anayeteka maji mtoni. Karthala hakuna maji. Hakuna hata kijito. Kila tone utakalokunywa, kupikia na kunawia limetoka chini mgongoni mwa mtu. Mara yangu ya kwanza nilihesabu kwa mazoea ya Kili, lita tatu kwa kila mgeni, na siku ya pili saa tano asubuhi tulikuwa tunagawana kifuniko cha chupa kimoja kimoja huku ulimi umenata juu ya kaakaa. Sasa ni lita sita kwa kila mtu, na anayesema ni nyingi simchukui.

Njia ninayoitumia inaanzia Mvouni, juu ya Moroni. Unapita migomba, kisha msitu wenye ukungu ambamo gome la kila mti limevaa kuvu na kangaga, kisha ghafla miti inafupika na unatokea kwenye vichaka vigumu vya majani madogomadogo. Aliyewahi kupanda Kili atavitambua mara moja, ni ndugu wa vile vya juu ya msitu wa Machame. Mle msituni yupo bundi mdogo asiyepatikana popote pengine duniani ila kwenye mlima huo mmoja. Nimemsikia mara nyingi. Kumwona, mara mbili.

Halafu ukingo. Kaldera ya Karthala, yaani shimo kubwa la volkano kileleni, ina upana wa kilomita tatu kwa nne hivi, na ukifika na jua la jioni unatazama uwanja wa mawe meusi na ya kijivu, umetulia kabisa, na katikati yake shimo jingine linashuka. Wageni wangu wanaozungumza njia nzima hunyamaza hapo. Nawaacha wanyamaze. Kuna watu wanaouza safari ya siku moja, unaondoka usiku na kurudi jioni. Naipinga, kwa sababu mawingu hupanda mapema asubuhi, na aliyechelewa kidogo ameutembelea ukungu. Lakini kulala juu nako kuna deni lake. Hakuna kibanda, baridi inakata, na vikundi vingi vinakata vile vichaka kuwasha moto. Vichaka vile vinakua taratibu mno. Mimi nabeba jiko la gesi tangu miaka minne iliyopita, na bado kila nikirudi nakuta visiki vipya. Kuna usiku nimelala pale nikijiuliza kama napaswa kupunguza safari za mlima mpaka pawepo utaratibu wa kambi. Sijapunguza. Waongozaji wenzangu wa Mvouni wanalisha watoto kwa safari hizo.

Na huwezi kumsimulia mtu Karthala ukaishia kwenye mandhari. Mwaka 1903 gesi yake iliua watu 17. Mwaka 1977 lava ilipasua ubavuni, chini kabisa, ikafunika kijiji cha Singani. Watu wakarudi wakajenga tena palepale. Nikipita na wageni barabara ya kusini nasimamisha gari hapo, tunashuka, wanaweka mkono kwenye jiwe.

Lugha, kwa kifupi, maana nayo inaniletea maneno. Wacomoro wanazungumza Shikomori, na kila kisiwa kina lahaja yake. Ni ndugu wa karibu wa Kiswahili, lakini ndugu si pacha. Utashika neno moja katika matatu ukajidanganya umeelewa. Mzee mmoja wa Tanga niliyemsindikiza sokoni Volo-Volo alimwachia mama muuza ndizi chenji, mama akamwambia "marahaba." Mzee alisimama, akaniangalia kwa aibu: "Kwani nimemwamkia? Au ananikumbusha sikumwamkia?" Kule marahaba ni asante. Na jambo la kupendeza ni kwamba tangu siku ile mzee aliisema kwa kila mtu, mpaka dereva.

Siku nne kwa visiwa vitatu haiwezekani kiungwana. Ndege ndogo za ndani zinabadilisha saa, na boti kutoka Chindini kwenda Hoani, kisiwani Mwali, inategemea bahari. Kusi ikivuma nahodha akisema leo hapana, ni hapana, na usimbembeleze. Pesa: peleka euro taslimu. Faranga ya Comoro imefungwa kwenye euro, kama 492 kwa moja, kwa hiyo hakuna anayekupunja kwa kiwango. Kadi yako ya benki iache itulie.

Na msimu. Kila kijarida kitakwambia uende Julai na Agosti kwa kuwa ni kiangazi, na ni kweli, nyangumi nao wapo. Ambacho hukiambiwi ni kwamba miezi hiyo ndiyo Wangazija wa Marseille, Ufaransa, wanarudi nyumbani kwa harusi za ada, zile kubwa ambazo mwanamume huziwekea akiba nusu ya maisha yake. Vyumba vinajaa, magari ya kukodi yanakwisha, tiketi zinapanda. Ukialikwa kwenye harusi, acha ratiba yangu, nenda. Usipotaka msongamano, nenda Mei au mwishoni mwa Septemba.

Mwali nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo ninayoogopa kuitangaza. Ndicho kisiwa kidogo kabisa. Hifadhi yake ya bahari ilianzishwa mwaka 2001, na mwaka 2020 UNESCO ikakitambua kisiwa kizima kuwa hifadhi ya viumbe na mazingira. Kijijini Itsamia kasa wa kijani wanapanda ufukweni usiku kutaga, na vijana wa kijiji ndio walinzi. Unakaa gizani mchangani, hakuna tochi, hakuna simu. Kwanza unasikia pumzi, nzito, kama mtu mzima anayepanda ngazi. Kisha mchanga unakurukia usoni, anachimba. Safari ya mwisho tulikuwa wageni kumi na wawili kumzunguka kasa mmoja, naye akageuka akarudi baharini bila kutaga. Mlinzi hakusema neno. Tangu usiku ule sipeleki zaidi ya wanne.

Yule dada wa Mbezi nilimpigia tena jioni. Tuliongea karibu saa nzima, mumewe akiuliza maswali kutoka nyuma. Wameahirisha mpaka Mei, siku kumi: Ngazija na Mwali, Nzwani wataiwekea safari yake. Mume anataka kupanda, yeye bado anafikiri. Nimewaambia waanze mazoezi Pugu kila Jumamosi, na kila mmoja abebe lita sita za maji mgongoni, kwenda na kurudi.