Barua ya ridhaa ya mzazi: karatasi ya kwanza unaposafiri na watoto wa wenzako

Barua ya ridhaa ni maandishi ya mzazi au mlezi yanayothibitisha kwamba amemruhusu mtu fulani asafiri na mtoto wake, kwenda mahali fulani, kwa muda fulani. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo hata kijana wa kidato cha nne aliyekwisha kuota ndevu anahusika.

Huku kwetu Mtwara na Lindi wengi hawaiandiki, na si kwa uzembe. Mtoto wa jirani ni wako. Unaelekea Masasi likizo ya Desemba, gari lina nafasi, mwenzako anakupa wawili uwashushe kwa bibi yao, yamekwisha. Undugu huo ni mzuri na sitaki ufe. Lakini askari atakayekusimamisha njia panda ya Mingoyo haujui. Anachokiona ni mtu mzima na watoto ambao si wake, na Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 inampa kila sababu ya kuuliza. Watoto wa vijijini hupelekwa mijini kwa ahadi ya kusomeshwa, wakaishia kwenye kazi za ndani bila kuiona shule. Askari anayeuliza anamlinda mtoto, na wewe uwe na cha kumjibu.

Barua haina haja ya maneno makubwa. Itaje jina kamili la mtoto na tarehe yake ya kuzaliwa, mzazi ni nani na simu yake, anayesafiri na mtoto ni nani na namba yake ya NIDA, namba ya gari, mnakokwenda, mtafikia kwa nani, siku ya kuondoka na ya kurudi. Mzazi asaini, kisha mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kijiji agonge muhuri. Kwa safari ndefu, au pale wazazi walipoachana kwa ugomvi, ni bora zaidi iwe kiapo mbele ya wakili au hakimu. Ambatisha nakala ya cheti cha kuzaliwa.

Nani asaini? Hapa ndipo mambo huchanganyikana. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, mjomba ana sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake, na anaweza kuwa ndiye aliyekwambia "wachukue tu". Neno lake lina uzito nyumbani, ila saini inayotakiwa ni ya mzazi, au ya mlezi anayeishi na mtoto, kama bibi aliyeachiwa wajukuu. Mjomba asaini kama shahidi. Walipotengana wazazi, tafuta saini za wote wawili inapowezekana. Anayeishi na mtoto ndiye wa lazima.

Kipande ninachokithamini kuliko vyote ni cha matibabu, na ndicho kinachosahaulika. Mtoto ameanguka, mko hospitali ya Nyangao au Ndanda, daktari anasema mkono unahitaji upasuaji na anatafuta mtu wa kusaini fomu. Mama yake yuko shambani Newala anaokota korosho, simu haishiki. Barua iseme wazi kwamba msimamizi wa safari anaruhusiwa kukubali matibabu ya dharura mzazi asipopatikana. Iandikwe pia kama mtoto ana pumu, seli mundu au kifafa, dawa anazotumia na zinazomdhuru, na kadi ya bima ya afya iwemo kwenye begi lake.

Ridhaa haikupi ulezi wa kisheria. Huwezi kuitumia kumhamisha mtoto shule wala kumbakiza kwako siku zikiisha. Haifuti pia wajibu wako barabarani. Mzazi amekuruhusu kumchukua mwanawe. Hajakuruhusu kupakia watoto tisa kwenye gari la watano. Leseni ya daraja D ni ya gari binafsi, na kubeba abiria kwa malipo kunataka daraja la C linalolingana na idadi yao, pamoja na leseni ya usafirishaji ya LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini. Wazazi wakianza kulipa nauli, bima iliyokatwa kwa matumizi binafsi inaweza kukataa kulipa ajali ikitokea. Hata mchango wa mafuta, muulize kwanza wakala wako wa bima, na jibu lake lipatikane kwa maandishi. Mwezi Julai 2022 gari lililobeba wanafunzi lilitumbukia korongoni Mjimwema, Mtwara, watoto wakafa. Baada ya msiba kama huo ndipo kila karatasi hutafutwa, na anayezikosa ni mzazi aliyekwisha kuzika.

Kuvuka kwenda Msumbiji, kwa Daraja la Umoja kule Mtambaswala au kwa Kilambo, ni jambo jingine. Hapo barua ya mtaa haitoshi. Kila mtoto anahitaji hati yake ya kusafiria, na ridhaa ya wazazi iwe na muhuri wa wakili. Nenda ofisi ya Uhamiaji wiki kadhaa kabla, pamoja na mzazi mwenyewe. Tengeneza nakala tatu: moja mkononi mwako, moja kwenye begi la mtoto, moja ibaki kwa mzazi ikiwa na saini yako pia.