Doa linalong'aa kwenye MRI ya ini si lazima liwe kansa

Hii stori ipo siku nyingi, eti ukipigwa MRI ya ini halafu doa likatokea jeupe kwenye zile picha za difyusheni basi ushaisha, ni kansa. Hapana jamani, tulieni kwanza.

Ile picha inaangalia maji ndani ya tishu yanatembea kwa uhuru kiasi gani. Kwenye kansa nyingi seli zimebanana kama abiria wa daladala jioni, maji hayana pa kupita, ndo doa linang'aa. Sawa. Ila jipu nalo lina usaha mzito, maji yanakwama vilevile, linang'aa na si kansa. Halafu kuna hemanjioma, kivimbe cha mishipa ya damu ambacho watu kibao wanacho na hawajui, chenyewe kinang'aa kwa vile kina majimaji mengi tu, wala hayajabanwa.

Ndo maana daktari wa picha haishii hapo, anapiga kwa b ndogo (b ni namba ya ukali wa kipimo katika kuhisi mwendo wa maji), tuseme 50, kisha kubwa kama 800, sisti ya kawaida, yaani kifuko cha maji tu, inafifia, halafu anafungua ramani ya ADC, picha ya hesabu inayoonyesha maji yanatembea kiasi gani kila sehemu: penye maji yaliyobanwa panakuwa peusi, hemanjioma nyingi zinabaki nyeupe. Na hata hapo namba zinaingiliana, adenoma ni uvimbe wa ini ambao si kansa lakini ADC yake inaweza kufanana nayo, na kuna kansa za ini za mwanzo zisizong'aa kabisa (hii ndo inayonitisha mimi), kwa hiyo bado zinatakiwa picha za dawa ya mshipani na mara nyingine kinyama kinakatwa kikapimwe.