Mhasibu kama mwakilishi katika mashauri ya kodi: maana yake na anachopaswa kufundishwa

Kumwakilisha mteja katika shauri la kodi ni kusimama kwa niaba yake mbele ya chombo chenye mamlaka ya kuamua mgogoro kati ya mlipakodi na mamlaka ya mapato. Mwakilishi huandika rufaa, huwasilisha vielelezo, huongoza mashahidi wake, huwadodosa wa upande wa pili na kutoa hoja za mwisho. Kujibu barua za mkaguzi, au kukaa naye mezani kulinganisha hesabu, hakumo humo. Hiyo ni kazi ya kila siku ya mhasibu na haihitaji ruhusa ya mahakama.

Nani anaruhusiwa, hilo hutegemea nchi. Ujerumani, mshauri wa kodi aliyesajiliwa anaweza kusimama hata katika mahakama ya juu kabisa ya kodi. Uingereza, katika baraza la ngazi ya kwanza, mwakilishi halazimiki kuwa mwanasheria. Kenya, Sheria ya Baraza la Rufaa za Kodi ya 2013 inampa mrufani hiari tatu: aje mwenyewe, amtume wakala wa kodi (mtaalamu anayeshughulikia kodi za wengine), au amtume wakili. Marekani ina mlango mwembamba zaidi. Asiye mwanasheria hupokelewa na Mahakama ya Kodi akifaulu mtihani wa maandishi wenye sehemu 4: kanuni za mahakama hiyo, kodi za shirikisho, kanuni za ushahidi, na maadili ya uwakilishi. Kila sehemu inataka angalau asilimia 70, kwa hiyo aliyepata 95 kwenye kodi na 60 kwenye ushahidi ameanguka.

Ukiutazama mtihani huo unaona mafunzo yanapaswa kuelekea wapi. Sheria ya kodi mhasibu anaijua, pengine kuliko mawakili wengi. Asichokijua ni namna jambo linavyothibitishwa, na kozi inayotumia wiki nzima kurudia viwango vya kodi inampotezea muda.

Somo la kwanza ni saa. Kenya, notisi ya rufaa huwasilishwa ndani ya siku 30 tangu uamuzi upokelewe. Kisha ndani ya siku 14 zifuatazo huja hati ya rufaa, maelezo ya ukweli wa shauri na nakala ya uamuzi wenyewe. Marekani, mlipakodi ana siku 90 za kufungua shauri tangu notisi ya upungufu wa kodi (barua ya mamlaka inayodai kodi zaidi) itumwe, au 150 ikiwa imeandikiwa mtu aliye nje ya nchi. Kosa la kawaida ni mhasibu kuendelea kuandikiana na mkaguzi, akiamini kwamba maadamu wanazungumza muda umesimama. Haujasimama. Tarehe ya uamuzi, ya kupokelewa kwake na ya mwisho wa kukata rufaa ziandikwe juu ya jalada siku ileile barua inapofika.

La pili ni sababu za rufaa. “Makadirio ni makubwa mno” si sababu, ni malalamiko. Sababu hutaja kosa moja, kifungu kilichokiukwa na ukweli unaoonyesha kosa hilo, kila moja katika aya yake. Kenya, mlipakodi hufungwa na sababu alizozitaja katika pingamizi lake la awali kwa mamlaka ya mapato mpaka aruhusiwe kuongeza nyingine. Marekani, hoja isiyotajwa huhesabiwa kuwa imekubaliwa. Ndiyo maana pingamizi, ambalo wengi huliandika haraka jioni ya siku ya mwisho, linapaswa kuandikwa kana kwamba jaji atalisoma.

Ushahidi ndio moyo wa mafunzo haya. Kwa kawaida mzigo wa kuthibitisha uko kwa mlipakodi: mamlaka ikitoa makadirio, yeye ndiye wa kuonyesha kwamba si sahihi. Chukua mfano. Mkaguzi amekuta benki imepokea milioni 12, mauzo yaliyotangazwa ni milioni 9, naye anataka milioni 3 zilizobaki zitozwe kodi. Mhasibu huandaa jedwali safi: mkopo milioni 1.5, fedha zilizohamishwa kutoka akaunti nyingine ya mteja milioni 1, marejesho ya mnunuzi aliyelipa mara mbili... na hapo tayari amekosea, kwa kuwa fedha za mnunuzi huyo ziliingia kama deni la kumrudishia, nusu milioni, si marejesho kwa mteja. Upande wa pili utaling'ang'ania kosa hilo mpaka jedwali zima litiliwe shaka. Hata lingekuwa halina kosa, bado jedwali ni maelezo tu. Mkopo huthibitishwa kwa mkataba, taarifa ya benki ya mkopeshaji na mkopeshaji mwenyewe akiapa. Uhamisho huthibitishwa kwa taarifa za akaunti zote mbili, tarehe na kiasi vikilingana. Daftari huletwa na mtu anayeweza kueleza nani aliliandika, lini na kutokana na hati gani. Zoezi zuri darasani ni kumpa mwanafunzi faili halisi lililofutwa majina na kumtaka aandike, mbele ya kila mstari wa jedwali, jina la kielelezo na shahidi atakayekileta. Mistari itakayobaki mitupu ndiyo kesi yake halisi.

Kisha kuna swali ambalo wahasibu huliona wakiwa wamechelewa: je, wewe ni mwakilishi au shahidi? Aliyetayarisha ritani (fomu ya kutangaza kodi) inayogombaniwa mara nyingi ndiye anayejua kilichotokea, na akiitwa kutoa ushahidi hawezi wakati huohuo kutetea hoja. Kazi ipelekwe kwa mwenzake mapema, kabla mteja hajalipia maandalizi yote. Usiri nao si uleule wa wakili. Marekani, kinga ya mazungumzo kati ya mlipakodi na mtaalamu wa kodi asiye wakili haifiki kwenye mashtaka ya jinai, kwa hiyo dalili ya udanganyifu ikijitokeza mteja apelekwe kwa wakili kabla ya kueleza zaidi.

Ngazi ya juu ina mpaka wake. Kenya, shauri likienda Mahakama Kuu wakala wa kodi hukaa kando na wakili huchukua nafasi. Kwa muda mrefu rufaa ya huko ilikuwa ya masuala ya sheria tu, hivyo risiti aliyoisahau mhasibu katika baraza haikutegemewa kupata nafasi nyingine ya kusomwa.