Povu la boti linakunywa maji, na ndoo haiwezi kukuonyesha

Jumanne iliyopita mteja aliniletea boti ya faiba ya futi 17, ya zamani lakini bado ina umbo zuri. Imekaa karibu na ufukwe wa Kigamboni masika kadhaa bila turubai. Akaniambia, "Fundi, wewe nifungie mashine tu. Povu nimeshalipima mwenyewe." Alikuwa amekata kipande cha povu gumu la chini ya sakafu, pale penye kiti cha nahodha, akakitia kwenye ndoo ya maji usiku kucha, na asubuhi akakikuta bado kinaelea. Kwake yeye kesi imekwisha: povu hili halinywi maji.

Nimeambiwa maneno hayo mara nyingi mno. Leo nayajibu yote, ili mwingine akija nimpe asome kwanza.

Povu ninalolizungumzia ni lile gumu la njano, la poliurethani, linalomiminwa chini ya sakafu katikati ya mataruma, yaani mbavu za boti, ili boti ikijaa maji isizame. Likiwa jipya, mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo 32 hivi. Lina vijumba vidogo vidogo vilivyofungwa, na hapo ndipo watu wanaposhika neno "vilivyofungwa" na kulifanya kiapo. Si vyote vilivyofungwa. Na hata vile vilivyofungwa kuta zake ni nyembamba sana: mvuke unapenya, na boti ikigonga mawimbi miaka 20 kuta zinapasuka moja moja. Mchana jua linapasha sakafu, maji yaliyo chini yanakuwa mvuke, mvuke unaingia kwenye povu, usiku unapoa humo humo na kuwa maji tena. Kesho yake tena hivyo hivyo. Ndoo ya usiku mmoja inapima usiku mmoja. Wewe unataka kujua miaka 20 imefanya nini.

Tena maji yenyewe kwa kawaida si ya bahari. Mengi ni ya mvua, yanaingia kwa juu, kwenye matundu ya skrubu za viti ambayo hakuna aliyeyaziba. Boti inakaa kwenye trela omo, yaani mbele, ikiwa imeinuka, majani ya mwembe yameziba tundu la ngama la kutolea maji, masika yote maji yanatulia tezini, kule nyuma. Sasa mtu anakata kipande cha juu, chini ya kiti, anakikuta kikavu, anafurahi. Maji hayakai juu, ndugu yangu. Kapime chini kabisa, karibu na ubao wa nyuma unaofungwa mashine.

Ninavyofanya mimi ni hivi. Natoboa sakafu kwa msumeno wa duara wa kwenye drili, ule mafundi seremala wanaotobolea vitasa. Kisha nachukua kipande cha bomba chenye upana wa ndani wa sentimita 5, nimekinoa mdomo, nakizungusha taratibu ndani ya povu hadi chini. Nje nimekifunga utepe kwenye kina ninachotaka, kwa sababu ukipitiliza utatoboa faiba ya chini, na hapo umejiongezea kazi. Povu linatoka kama muhogo. Nalikata vipande vya sentimita 10, natia alama cha juu na cha chini, navifunga kwenye mfuko wa plastiki mara moja. Matundu matatu hayapungui: tezi, katikati, na kuelekea omo.

Halafu napima uzito, na hapa naomba unisikilize vizuri, maana ndipo watu wanapoharakisha. Usikibonyeze kwa vidole ukaridhika. Povu lenye maji mengi kabisa linaweza kuonekana kavu pale lilipokatwa, kwa kuwa maji yamefungiwa ndani ya vijumba na hayatoki mpaka uvunje. Kipande cha upana huo na urefu wa sentimita 10 kina ujazo wa karibu sentimita 196 za ujazo, kwa hiyo kikiwa kikavu kinapaswa kuwa na gramu 6 na kidogo. Mizani ya jikoni haitoshi, tafuta ndogo kama za masonara. Kipande cha juu cha boti ya Jumanne kilikuwa gramu 7. Cha chini, kutoka tundu lile lile, kilikuwa gramu 88. Nilikibonyeza mbele ya mwenye boti na maji ya kahawia yakamtiririkia kwenye kiganja. Gramu 82 hivi za maji kwenye ujazo ule ni kama asilimia 42.

Chukua hesabu ya chini zaidi. Boti yenye nusu mita ya ujazo ya povu, na asilimia 30 yake ni maji, imebeba kilo 150 kila siku. Ni abiria wawili wa kilo 75 wasioshuka, wanaokula mafuta yako na kukalisha tezi chini. Na siku boti ikijaa maji kweli, theluthi hivi ya msaada ulioutegemea haipo.

Mita za unyevu sizitegemei kwa kazi hii. Zinasoma karibu na uso, na chumvi au rangi yenye shaba inazidanganya.

Sasa nikupe mahali ninaposita. Povu halimiminwi kwa uzito mmoja kila boti, kwa hiyo nalinganisha cha chini na cha juu cha boti ile ile badala ya kuamini kilo 32 peke yake. Na mstari wangu wa kung'oa ni cha chini kikizidi mara tano ya kikavu. Mstari huo ni wangu tu. Kuna mafundi wanaong'oa mapema zaidi, na sina hoja nzito ya kuwapinga. Nimewahi pia kukuta chumba kimoja kimelowa chepechepe na cha jirani yake kikavu, kwa hiyo matundu matatu safi hayanipi usingizi kamili.

Ila kuhusu kulikausha sina shaka. Ukitoboa matundu na kuliacha juani, halikauki. Niliweka bonge la ukubwa wa tofali juu ya bati la karakana kuanzia Juni hadi Agosti, kusi ikivuma na mvua hamna. Nilipolipasua, katikati palikuwa na unyevu. Na hilo lilikuwa wazi pande zote. La kwako limezibwa chini ya faiba.

Likitoka, tafadhali usilichome ufukweni. Moshi wake una sumu kali, sianidi ikiwemo.

Boti ya Jumanne tumeikata sakafu jana. Kufikia mchana tumejaza salfeti tisa, na bado hatujafika omo. Mwenye boti alitaka kutusaidia kupakia kwenye guta, akashika salfeti moja kwa mkono mmoja kama ya makapi. Haikunyanyuka. Akaishika kwa mikono miwili, akaifikisha, akajifuta, kisha akampigia simu aliyekuwa amuuzie mashine kubwa zaidi, akamwambia asubiri kwanza.