Muhuri umeondoka, hesabu ya siku iko palepale

"Pasipoti isipogongwa muhuri mpakani Ulaya, nani atajua niliingia lini?"

Mashine itajua, tena kuliko ofisa. Zamani ofisa wa mpakani alifunua kurasa moja moja akisaka muhuri wa kuingilia, wino umefifia au umegongwa juu ya mwingine, ndipo ahesabu siku. Tarehe 12 Oktoba 2025 nchi 29 za Ulaya zilianza kutumia mfumo wa EES, yaani mfumo wa kompyuta wa kuandikisha wageni wanaoingia na kutoka, na ratiba ikawekwa kwamba ifikapo 10 Aprili 2026 uwe umechukua nafasi ya mihuri kwenye mipaka yao ya nje. Unatunza picha ya uso, alama za vidole, na siku na mahali ulipoingilia na kutokea. Ukipitisha muda, jina lako linajitokeza lenyewe.

"Nikitoka siku moja nikarudi, hesabu inaanza upya."

Hii ndiyo inayowaponza wengi. Kanuni ni kukaa kwenye nchi hizo siku 90 ndani ya siku 180 zozote, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Tuseme umeingia 1 Machi ukatoka 30 Aprili: umeshatumia siku 61. Ukirudi 1 Juni, zimebaki 29 tu, yaani 29 Juni uwe umeondoka. Na kama viza yako imeandikwa siku 15, basi ni hizo 15.

"Mimi nina viza, hayo ya wasio na viza."

Yanakuhusu. Ila alama za vidole ulishatoa ulipoomba viza, kwa hiyo mpakani kwa kawaida utapigwa picha tu. Wenye kibali cha ukaazi ndio wasioguswa. Watoto chini ya miaka 12 hawachukuliwi alama za vidole; picha wanapigwa.

"Kujisajili kunalipiwa." Hakulipiwi. Anayekudai hela ya EES ni tapeli.

"Ulaya yote sasa haina mihuri." Ayalandi na Kupro hazimo, huko muhuri bado unagongwa. Wanaopenda kukusanya mihuri, haya, nendeni.

"Taarifa zangu zitakaa humo milele." Hapana, ni miaka 3 tangu ulipotoka. Lakini kutoka kwako kusipoonekana kwenye mfumo, zinakaa miaka 5, na unahesabiwa umezidisha muda. Kwa hiyo ile pasi ya kupandia ndege ya kurudi usiitupe: ukitaka kuomba rekodi isahihishwe, hiyo ndiyo ya kuonyesha.