Laini mbili hazikuondolei romingi

Wafanyabiashara wa Kariakoo wakijiandaa kwenda Guangzhou, China, hakosekani wa kusema: "Mimi romingi, yaani kutumia laini ya nyumbani nikiwa nje ya nchi, hainihusu, simu yangu ni ya laini mbili." Muuza simu naye anaitikia, mzigo utoke.

Simu ya laini mbili ni simu inayobeba namba mbili kwa wakati mmoja, ziwe kadi mbili au kadi moja na eSIM, yaani laini ya kidijitali isiyohitaji kadi. Ukibonyeza *#06# utaona IMEI mbili, yaani namba za utambulisho wa simu, moja kwa kila laini. Kwa kawaida zote mbili hukaa hewani zikisubiri, ila ukiongea kwa moja, nyingine huenda isipatikane. Basi, maana yake imeishia hapo.

Romingi ni makubaliano ya kampuni kwa kampuni. Kampuni yako ya Tanzania haina mnara Guangzhou, kwa hiyo inaomba ya huko ikubebe, halafu wanalipana wao kwa wao, na wewe unaikuta kwenye salio. Laini yako ya nyumbani ikishika mtandao ukiwa nje, iko kwenye romingi, ikae tundu la kwanza au la pili. Tundu la pili linakuepusha na kuchomoa kadi ya nyumbani na kuipoteza kwenye pochi. Bei za romingi haziulizi kama laini ina mwenzake.

Tatizo ni kwamba kuna romingi mbili na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni huduma inayofunguliwa na kampuni, ndiyo inayoleta simu na SMS. Ya pili ni swichi ya data iliyo kwenye mipangilio ya simu yako. Inayokomba salio kimyakimya ni hii ya pili. Mtu kwa kuogopa gharama anazima zote, kisha yuko dukani anataka kulipa mzigo, benki inatuma namba ya uthibitisho kwenye laini ambayo haipo hewani. SMS inayoingia mara nyingi ni bure hata kwenye romingi. Kupokea simu ndiko kunakolipiwa: anayekupigia kutoka Tandika anakatwa kama vile uko Tandika, na kipande cha kuvuka mpaka kinakuwa juu yako. Simu nyingine pia zina kipengele cha kuhamia data ya laini ya pili pale ya kwanza inapodhoofika. Kizime kabla hujaondoka.

China yenyewe ina kituko chake. Laini ya huko haifungui WhatsApp bila ujanja wa ziada, wakati data ya romingi kwa kawaida hupitia kwa kampuni yako ya nyumbani, hivyo WhatsApp inafunguka. Aliyeapa kutoigusa romingi anajikuta anaihitaji.

Kwenye kuchagua simu sina mengi. Hakikisha haijafungwa kwa mtandao mmoja, hasa zile zilizotumika Ulaya au Marekani. Angalia tundu la pili: kwenye simu nyingi linakaa laini au memori kadi, si vyote viwili. Kwenye simu za zamani tundu hilo huishia 2G au 3G, yaani teknolojia za zamani za mtandao, nayo mitandao mikubwa ya Marekani ilizima 3G mwaka 2022. Na iPhone zilizouzwa Marekani kuanzia toleo la 14 hazina tundu la kadi kabisa, kwa hiyo ile zawadi ya shangazi wa Texas inataka eSIM tu, na laini utakayonunua ugenini ikiwa ya kadi, haina pa kukaa.

Sahihi ni kusema: data nitatumia laini ya huko, ya nyumbani itabaki kwenye romingi kwa ajili ya SMS, na ya WhatsApp nikiwa China. Ukishaamua hivyo, wapigie kampuni yako wakufungulie huduma ungali nyumbani.